Kitasa cha Malkia Mateka

Jumatatu, 4 Machi
Mama mkwe ametangaza: atakayesema kwa niaba ya ukoo kwenye harusi ya shemeji mdogo atateuliwa Jumamosi hii, tukitoka maktaba. Huko kuna maonyesho ya barua za malkia aliyefungwa zamani, na mama mkwe anampenda malkia huyo kuliko anavyotupenda sisi sote. Wagombea ni wawili: mimi, na shemeji fundi saa, kaka yake mke wangu. Yeye ana sauti nzuri na tai. Mimi nina akili. Nikamwambia mama mkwe, kwa unyenyekevu, kwamba malkia yule ni bibi yake bibi yangu. Sijui ilitoka wapi. Ilitoka tu. Akaniongezea chai kwa mkono wake mwenyewe. Shemeji akabaki anakoroga kikombe kitupu.

Jumatano, 6 Machi
Nimekwenda maktaba kukagua ukoo wangu. Barua zimo kwenye makabati ya vioo, mwandiko kama kuku kaparura. Miwani nimeisahau nyumbani. Nikasoma bango la mlangoni, likatosha. Mkutubi, mama mpole sana, aliposikia mimi ni damu ya malkia, nusura alie. Kaniahidi kiti cha mbele Jumamosi, barua zitakaposomwa. Akauliza tu kama namjua fundi wa kutengeneza kitasa cha chumba kile, kimelegea. Anamuuliza samaki habari za maji! Nikamwambia fundi vitasa ndiye mimi, na kwa bibi yangu sitozi.

Mke wangu kanikumbusha kuwa mlango wa choo chetu tunaufunga kwa kamba.

Ijumaa, 8 Machi
Kitasa tayari. Imebaki springi moja mkononi na bado kinafunga. Watu wa kiwandani hujaza vitu bila sababu.

Jumamosi, 9 Machi
Sitaki kuandika, lakini naandika.

Mkutubi alifunga mlango tusisumbuliwe na kelele, akasoma barua ya malkia mwenyewe. Anamshukuru Mungu hakujaliwa mtoto, maana angerithi kifungo. Shemeji akakohoa, na mafua hana. Mama mkwe akageuka taratibu, akaniuliza mimi basi nimezaliwa na nani.

Mfa maji haachi kutapatapa. Nikasema nimechanganya pande, sisi ni kizazi cha mlinzi wake, yule mshika funguo, ndiyo maana hata ufundi wangu ni wa vitasa. Mama mkwe akaanza kulegea. Mkutubi naye, kwa furaha, akasoma barua ya mlinzi. Anamwomba mkubwa wake aje upesi: amejifungia kwa bahati mbaya ndani ya chumba cha malkia, ufunguo uko nje, malkia naye yuko nje, na amekataa kufungua mpaka aombwe radhi.

Shemeji akasema sasa ameamini, huo kweli ni ukoo wangu.

Mama mkwe akasema yamemtosha, anataka kwenda nyumbani. Mkutubi akashika mpini wa kitasa. Mpini ukamfuata mkononi.

Tulikaa humo mpaka alasiri. Mama mkwe aliketi kwenye kiti changu cha mbele, mkoba mapajani, akisema malkia amemwelewa leo kuliko kwa barua zote. Aliyetutoa ni shemeji. Alilegeza bawaba kwa bisibisi yake ya saa, skrubu moja baada ya nyingine, wala hakunicheka. Hilo ndilo lililoniuma zaidi. Uteuzi ukatolewa papo hapo: shemeji atasema. Mimi nitasimama mlangoni mwa ukumbi wa harusi, nisiguse kitu. Nimeumia, sifichi. Hotuba nilikuwa nimeshaiandika.

Jumapili, 10 Machi
Nimelala, nimeamka na busara. Wameniweka mlangoni! Watu hawa hawafikiri. Shemeji nitamtuma nje kidogo akaangalie viti, kisha nafunga mlango. Hotuba yangu ni ndefu, na safari hii hakuna wa kutoka kabla sijamaliza.

Kitasa nimeshanunua. Bisibisi ya shemeji nimeshaiazima, nimeificha nyumbani.