Akiki ya Shamsa na Firigisi ya Baba Mkwe

Jumatatu, 7 Machi 1938. Bukoba.

Nimeitwa kwa Bwana Mifugo, Mzungu wa serikali, kutengeneza saa yake ya ukutani. Haikuwa na ubovu wowote, mjusi tu alikuwa ameingia akafia ndani. Sikumwambia. Nilikaa nayo asubuhi nzima nimekunja uso, ili ajue kazi ni ngumu.

Mezani palikuwa na kisanduku bapa, na ndani yake, juu ya kitambaa cheusi, pete kuukuu na vijiwe vilivyochongwa. Bwana Mifugo, ambaye ng'ombe akifa mbele yake hata kofia havui, alivishika kwa ncha za vidole. Akanieleza kwamba ni vya Wagiriki wa kale na vya Waetruska, watu waliokaa Italia kabla Roma haijawa na jina. Walivikandamiza kwenye lakiri, ile nta ya kufungia barua, kutia muhuri. Kimoja chekundu kimechongwa mdudu mgongoni, na tumboni mtu uchi mwenye mkuki. Akasema kwa cha pili kama hicho angetoa ng'ombe.

Ng'ombe!

Nikakitazama kwa lenzi yangu. Akiki! Akiki tupu, sawasawa na ile iliyo kwenye pete ya mke wangu Shamsa, aliyoachiwa na bibi yake wa Tabora. Ya Shamsa imepungukiwa na mtu uchi tu.

Rugemalira alikuwa barazani anakunywa chai. Huyu alifukuzwa seminari, akabaki na Kilatini cha kubahatisha, na kwa Kilatini hicho Bwana anampa kiti. Mimi nilisimama. Fundi saa mzima!

Jumatano, 9 Machi.

Shamsa alipokwenda sokoni nikaichomoa akiki ya pete yake, niichonge mtu uchi. Tundu nimelijaza lakiri nyekundu, nikailainisha kwa kidole, nikairudisha pete kwenye kasha. Hata malaika hawezi kujua.

Akiki ni ngumu kuliko moyo wa mkusanya kodi. Sindano zangu zote zimevunjika. Nikaazima kalamu ya almasi kwa fundi vioo, nikamdanganya kwamba nakata kioo cha saa. Shujaa wangu ametokeza na kichwa kikubwa, mguu mmoja mfupi, na mkuki unaofanana na mgomba. Nilitaka kulia. Halafu nikakumbuka Bwana alisema kazi za kale zaidi ndizo mbovu zaidi. Kwa hiyo yangu ni ya kale mno.

Tatizo moja: inang'aa kama ya jana. Nikamzungukazunguka Rugemalira, nikamwuliza kwa mbali jinsi mawe yanavyozeeka. Akasema padre mmoja mzee aliwahi kuwasimulia habari za matapeli wa Italia. Humlisha jiwe bata mzinga, mchanga wa ndani ya firigisi unalisugua, na likitoka lina sura ya karne nyingi. Akataka kujua kwa nini nauliza. Nikamwambia napenda elimu. Alicheka kicheko ambacho sikukipenda.

Alhamisi, 10 Machi.

Bukoba haina bata mzinga. Ina jogoo wa Shamsa, mweusi, mwenye kiburi, aliyeletwa kifaranga kutoka kwao Kamachumu. Amemeza akiki pamoja na tonge la ndizi, baada ya kunidonoa mkono wote. Jumapili nitamchinja, nitasema aliugua. Firigisi, fanya kazi! Najiona barazani, kitini, na kikombe. Rugemalira amesimama.

Jumamosi, 12 Machi.

Siku ya kufa nyani, miti yote huteleza.

Kulikuwa na arusi kwa jirani. Shamsa akavaa pete, na katika wanawake wote waliokuwapo ni yeye aliyepewa kazi ya kupakua pilau kwenye sufuria la moto. Lakiri ikayeyuka. Ikamtiririka kidoleni hadi kwenye sahani ya mama wa bwana arusi, naye akapiga yowe kwamba mtu amekatika kidole.

Shamsa alirudi nyumbani kimya. Akigomba, najua la kufanya: nakubali yote, nasubiri apoe. Akinyamaza sijui pa kushika. Aliniuliza jambo moja tu, akiki ya bibi yake iko wapi. Nikasema labda panya. Akafunga khanga zake, akamtia kwapani yule jogoo (kumbe siku zote alikuwa akimnenepesha kwa ajili ya baba yake!), akapanda lori la Kamachumu.

Nililikimbilia lori. Nikamlilia aniachie jogoo.

Sasa naona ingefaa nianze kwa kumlilia yeye.

Jumapili, 13 Machi.

Nyumba imekuwa kubwa. Nimeunguza katogo ya ndizi, na hakuna wa kunicheka. Sikujua kwamba kuchekwa na Shamsa ndiko kunakonishibisha. Nampenda. Nimeandika, na si kwa ajili ya jogoo.

Mume hawezi kwenda peke yake kuomba mke aliyerudi kwao. Lazima awe na msemaji. Majirani wote wana udhuru, wawili wameumwa papo hapo nilipofungua mdomo. Rugemalira amekubali. Amekubali upesi mno.

Jumatatu, 14 Machi. Kamachumu.

Tulipofika jogoo aliwika nyuma ya nyumba. Yu hai! Nilitabasamu, na baba mkwe, Mzee Yunus, akadhani natabasamu kwa kumwona yeye. Akafurahi. Akaamuru jogoo achinjwe kwa heshima yangu.

Nifanyeje? Jikoni yumo mama mkwe, na hapa Uhaya mkwe hata kivuli cha mama mkwe hakikanyagi. Nikakaa mkekani, natoka jasho, huku Rugemalira akisema maneno mazuri juu yangu ambayo hata mimi sikuyaamini.

Chakula kikaja. Firigisi, kama kawaida, juu kabisa kwenye sahani ya baba mkwe. Ni ya mwenye nyumba, hata mtoto anayenyonya anajua. Nikaliona jiwe langu linasubiri meno yake machache yaliyosalia. Nikaomba nibadilishane naye. Hakusikia. Nikasema tumbo langu limeamriwa firigisi na daktari. Akaipeleka mdomoni. Nikamnyang'anya.

Nimemnyang'anya baba mkwe firigisi! Nikaipasua kwa vidole mbele ya watu. Tupu. Safi. Imeoshwa.

Baba mkwe aliuliza, taratibu, iwapo yeye amekwisha kuzikwa na mwenyewe hana habari. Kutoka jikoni kikasikika kicheko cha mama mkwe. Kumbe firigisi hupasuliwa na kuoshwa kabla ya kupikwa! Ningejuaje? Mbali na katogo ya jana, sijawahi kuingia jikoni maishani mwangu.

Shamsa akatoka na kisahani. Juu yake akiki, na mtu wangu uchi. Akauliza ni nani amemfanyia hivi bibi yake. Msemaji wangu Rugemalira akasimama, akaeleza mambo yote tangu mwanzo (kumbe alishakisia!), kwa Kiswahili fasaha, na mkono kifuani. Hakusahau hata bata mzinga.

Shamsa akalia. Hilo sikulipangia. Alisema zamani akiitazama akiki aliona uso wa bibi yake, na sasa anaona mtu mwenye kichwa kikubwa. Nilitamani ardhi inimeze, na safari hii sikuwa naigiza.

Baba mkwe akaniuliza nimefuata mke au nimefuata jiwe. Nikajibu mke. Rugemalira anasema nilichelewa kujibu. Mwongo! Nilikuwa nameza mate.

Hukumu: nirudi Bukoba, nitulie, nitengeneze saa za watu. Jumatatu ijayo Shamsa atateremka na lori la asubuhi. Akinikuta mlangoni kwangu, yamekwisha. Asiponikuta, baba mkwe asinione tena. Nikaapa mbele ya wote. Niliapa kwa moyo wangu wote.

Ijumaa, 18 Machi. Bukoba.

Nimetulia. Nimetengeneza saa nzima bila kuiongezea ugonjwa. Nimefagia. Nimepaka mlango chokaa. Nahesabu siku kama mfungwa, nimeshanunua hata sabuni anayoipenda.

Jioni akapita Rugemalira na habari. Bwana Mifugo alikwenda Kamachumu kuchanja ng'ombe wa baba mkwe. Akaiona akiki mkononi mwa Shamsa, karibu aangushe sindano. Akamwuliza imetoka wapi. Shamsa akajibu kweli, kwamba imetoka kwenye firigisi ya jogoo, na alikuwa anaendelea kueleza, lakini Bwana hakumwacha amalize. Akapiga kelele kwamba jogoo ameifukua ardhini! Waetruska wamefika Kamachumu! Ameandika barua Ulaya. Akiki ameichukua, na Shamsa amepewa mtamba. Alikubali kwa sababu, alisema, afadhali amkumbuke bibi yake kwa maziwa kuliko kwa mtu uchi. Jumanne Bwana anaanza kuchimba nyuma ya banda la kuku la baba mkwe, na nyapara wa kazi ni Rugemalira.

Alinieleza yote haya akiwa amekaa kwenye kiti changu.

Jumapili, 20 Machi.

Sikulala vizuri. Nafikiri.

Najua niliichonga mimi. Sibishi. Lakini Bwana ana lenzi kubwa kuliko yangu, na ana vitabu. Ameona Waetruska. Mimi fundi saa ni nani nimpinge? Na yule jogoo alizaliwa wapi? Kamachumu! Alikuwa anadonoa ardhi ile kabla hajaletwa kwangu. Nani anajua alichokuwa nacho tumboni kabla ya akiki yangu? Kama alikuwa na yangu, alishindwaje kuwa na nyingine?

Na wanaanza Jumanne. Mtu mwenye akili anaanza Jumatatu.

Jumatatu, 21 Machi. Kemondo.

Naandika hapa kando ya barabara, nimekalia gunia. Nilitoka kabla ya adhana, na jembe na chekecheo cha kuchekechea udongo. Nilipanga kuchimba asubuhi na kurudi mlangoni jioni. Shamsa angesubiri kidogo tu, na ufunguo nimeuacha chini ya jiwe.

Likaja lori kutoka Kamachumu, likiteremka kilima polepole, na Shamsa amekaa mbele karibu na dereva. Amevaa khanga mpya. Amepaka wanja! Nikampungia jembe kwa furaha. Aliniangalia, akaliangalia jembe, akaliangalia chekecheo. Lori likasimama. Akashuka na furushi lake, akavuka barabara, akasimama upande wa magari yanayopanda kurudi kwao.

Bahati iliyoje! Kumbe naye anarudi Kamachumu. Tutakwenda pamoja. Sasa hivi yupo hatua chache kutoka nilipo, amenipa mgongo, nadhani safari imemchosha. Nimemwomba anishikie chekecheo. Akipumzika atanishikia.