Kaki kwa Ajili ya Taifa

Jumatano, tarehe 12 Novemba

Habari kubwa! Jumapili mheshimiwa mbunge anakuja mtaani kwetu Kabondo kusikiliza bunge letu la kusimama, lile la wakazi, pale njia panda mbele ya kibanda changu cha kushonea. Swali ameshalituma. Pesa za taifa ziende kwa jeshi, au kwa barabara, shule na mitaro? Uamuzi wetu ataubeba mwenyewe hadi Kinshasa.

Nimefikiri hadi chai ikapoa. Barabara haivai nguo. Askari anavaa. Basi mimi Yakubu, fundi cherehani, nitasema upande wa jeshi. Ni uzalendo mtupu.

Upande wa pili atasema Faustin, fundi mwashi. Anadai anatetea watoto wa mtaa. Mnafiki! Anataka kazi ya kujenga mtaro, nani asiyejua?

Alhamisi, tarehe 13

Lambert wa sokoni ana majora ya kaki, safi kabisa. Lazima niwe tayari kabla Kinshasa haijapiga simu. Ahadi zangu hakuzitaka. Alitaka friji ya mke wangu Safiya, ile anayouzia maji baridi na juisi ya tangawizi. Nimempa.

Safiya nimemwambia imekwenda kutengenezwa. Akauliza inaumwa nini. Nikasema ugonjwa wa ndani. Alinitazama sana, kisha akasema afadhali ningezibua mtaro mbele ya kibanda, umejaa mifuko na mvua iko karibu. Mtaro! Mtu ana nchi ya kuokoa, anaambiwa habari za mtaro.

Ijumaa, tarehe 14

Baada ya sala nilikwenda kwa jirani yetu mwanajeshi, Adjudant Sadrack, nipate vipimo vya askari. Alicheka mpaka akakaa chini. "Papa Yakubu, tenue yetu inafikaka na ndege ku Bangboka, ishashoniwa. Kwako tunaletaka bouton tu."

Eti sare zao hushuka uwanja wa ndege zimeshonwa tayari, kwangu huleta vifungo tu. Akaongeza kwamba yeye mwenyewe, akiulizwa, angeomba barabara. Lori lao hukwama matopeni hata chakula kikaoza njiani. Ni mtu mzuri Sadrack, lakini haoni mbali.

Safiya anauza juisi vuguvugu. Wateja wanaionja, wanashukuru, hawarudi.

Jumamosi, tarehe 15

Ujanja wangu wa leo ni mkubwa. Bungeni kwetu hakuna kuinua mikono. Wasemaji wakimaliza, kila mtu husimama upande wa barabara wa yule anayekubaliana naye. Na anayeweka benchi kwanza ndiye anayechagua upande. Nimeweka langu alfajiri, upande wa kibanda, kwenye kivuli. Faustin kaachiwa upande wa juu, wenye jua kali. Nani atakubali kuungua kichwa kwa ajili ya shule?

Jumapili, tarehe 16

Faustin alianza. Alisema askari asiyefika vitani ni mwanamume aliyevaa vizuri tu, na barabara ndiyo inayomfikisha. Watu wakapiga makofi. Nikajibu kwamba daraja bila askari tunamjengea adui avukie. Makofi zaidi!

Kisha Mama Félicité, muuza mboga ya sombe aliyekimbia Goma na watoto wake, akasimama. Alisema shule kule ilikuwepo, nzuri, ya matofali, na haikumzuia mtu yeyote kuingia na bunduki. Mimi mwenyewe kwa dakika nzima sikuikumbuka kaki. Karibu mtaa wote ulikuja upande wangu. Nilishinda, nasema nilishinda!

Mheshimiwa alikuwa akifungua kalamu mvua iliposhuka. Mtaro ulifurika papo hapo, upande wangu. Maji yakafika vifundoni, halafu magotini. Mmoja mmoja walishika viatu mkononi wakavuka kwa Faustin. Félicité alikuwa wa mwisho. "Pardon, papa. Kwa jeshi uko na haki. Lakini hapa maji iko inatubeba."

Mheshimiwa alikimbilia garini, akatazama kupitia kioo, akaona mtaa mzima umesimama kwa Faustin. Akaandika: barabara, shule, mitaro. Akaondoka.

Maji yakaingia kibandani. Kaki yote ilikuwa sakafuni. Faustin na watu wake walikuja na mabeseni kunisaidia kuyatoa. Nimeumia sana, hasa kwa mabeseni.

Jumatatu, tarehe 17

Kaki inanuka na ina madoa, haishoneki. Lambert hairudishi friji. Safiya ameiona dukani kwake, nzima kabisa, imejaa juisi ya Lambert. Alirudi, akaniuliza ule ugonjwa wa ndani ulikuwa wa friji au wangu. Tangu hapo hasemi nami. Amekopa koleo la Faustin, anazibua mtaro peke yake. Alinionyesha beseni kwa kidole nimsaidie, nikamwonyesha kwa ishara kwamba nafikiri.

Na nimefikiri. Kosa langu lilikuwa moja tu: nilitetea jeshi la nchi kavu. Katika mji wenye maji kiasi hiki, Serikali inahitaji jeshi la majini! Wanamaji huvaa nyeupe. Bunge linakaa tena Jumapili, na hoja yangu iko tayari.

Lambert ana jora la kitambaa cheupe, halina hata doa. Anataka cherehani yangu tu. Tumeshapatana.