Gari Lisilokanyaga Lami

Jumanne, Juni 10, 2014

Zimebaki siku nne kabla ya maonyesho ya magari ya kale. Gari liko tayari, na hilo ndilo linalonitisha zaidi, maana sina tena pa kujifichia. Milango miwili, la mwaka 1970, silinda nane, rangi ya chungwa. Nimelifufua kwa mikono hii, miaka kumi na mmoja, katika gereji hii hii ya Fremont.

Asubuhi Glenda ametoa sharti. Jumapili ndoa yetu inatimiza miaka arobaini. Anataka nimpeleke ziwani, Port Clinton, ndani ya gari hilo, kama nilivyomwahidi siku nilipolileta likiwa gofu. Asipolipanda Jumapili, litoke gerejini, lake liingie. Eti amekwangua barafu kwenye kioo cha gari lake misimu kumi na mmoja ya baridi na vidole vimechoka. Aliyasema hayo akipaka mkate siagi, kwa upole. Glenda akifoka siogopi. Akiwa mpole ndipo naogopa.

Nikamjibu bila shaka, mpenzi. Moyoni nikasema haiwezekani! Lami ina kokoto, nazo huchubua rangi. Tangu nilinunue gari limetembea maili mbili na nusu, zote za kupanda na kushuka trela.

Mpango: nishinde kwanza Jumamosi. Mke wa mshindi hawezi kununa.

Jumatano, Juni 11

Maafa. Katibu wa klabu kapiga simu. Mwamuzi wa mwaka huu ni Bi. Ortmann, aliyefanya kazi kiwandani miaka thelathini, kwenye mstari wa kuunganisha magari. Hajali mng'aro. Anatafuta alama za wakaguzi: mistari ya chaki na namba za kalamu ya nta walizochora ndani ya boneti gari lilipokuwa likitoka kiwandani. Gari lisilo nazo hukatwa pointi kumi.

Nilikuwa nazo. Mwaka 2006 nilizisugua zote kwa brashi ya waya, siku mbili nzima, nikidhani ni uchafu. Nakumbuka hata nilipiga mluzi.

Sijala chakula cha jioni. Glenda kauliza nina nini. Nikasema gesi tumboni.

Alhamisi, Juni 12

Mtu pekee mwenye alama hizo mtaani ni Duane Pruchnik, jirani wa nyumba ya tatu. Gari lake ni pacha wa langu, ila hajalikarabati tangu baba yake alinunue. Limeoza chini ya milango. Kiti cha nyuma kina harufu ya mbwa aliyekufa zamani. Analiendesha kila siku, hata kwenda kununua mbolea! Na watu wanalipenda kuliko langu. Jambo hilo linaniuma, sitaficha.

Kumwomba siwezi. Mwezi uliopita kwa kinyozi aliniambia: "Verlin, gari lako ni kama umbea wa mjini, linabebwa tu, halitembei lenyewe." Watu walicheka mpaka kinyozi akaweka mkasi chini.

Kwa hiyo nilimvizia. Saa nne alikuwa nyuma ya nyumba anakata nyasi. Nikalinyemelea gari lake mbele ya nyumba, nikafungua boneti, nikapiga picha sita. Mashine ya nyasi ikanyamaza. Duane huyo, kasimama nyuma yangu. Nikamwambia natafuta paka wetu.

Hatuna paka. Duane anajua hatuna paka. Akanisaidia kumtafuta dakika ishirini, mpaka chini ya baraza, akiita kwa sauti nyororo. Mpaka sasa sielewi kama ni mjinga au ananichezea.

Ijumaa, Juni 13

Nimechora siku nzima, nikinakili zile picha. Mstari wa njano kwenye mhimili wa usukani. Chaki nyeupe juu ya breki. Na ile kubwa, ya kalamu ya nta ya buluu, kando ya betri: 8-9. Nimeifikiria sana hii. Bila shaka mkaguzi namba nane, zamu ya tisa. Nimeichora mara nne na kuifuta mara tatu. Ya nne imetoka sawasawa, hata ule mkia wa tisa.

Glenda alichungulia. Akauliza kwa nini nachafua kitu nilichosafisha miaka kumi na mmoja. Nikamweleza kwa robo saa. Akasikiliza yote, kisha akauliza Jumapili tuondoke saa ngapi. Ameshachemsha viazi vya saladi.

Jumamosi, Juni 14

Bi. Ortmann ni mfupi, ana tochi na hana haraka. Njano, akaitikia kwa kichwa. Chaki, akaitikia. Matumaini yangu yakaanza kupanda. Akafika kwenye buluu. Akauliza hii ni nini. Nikamweleza habari za mkaguzi wa nane na zamu ya tisa. Akaniambia kiwandani kulikuwa na zamu mbili tu, mwanangu. Mwanangu, mimi mwenye miaka sitini na tatu!

Akaenda kwa Duane, aliyekuwa amekaa kwenye kiti cha kukunja anakula soseji. Boneti ikafunguliwa. 8-9 ileile, na mkia wake. Akamuuliza. Duane akasema, mdomo umejaa: "Hiyo? Tarehe niliyobadilisha oili. Mwezi wa nane, tarehe tisa, mwaka juzi."

Kisha akanitazama mimi. Akauliza kama paka amepatikana.

Kombe kachukua Duane. Mimi nimepewa karatasi ya kushukuru washiriki. Nililifunika gari kwa turubai nikalipakia kwenye trela kabla ya watu kumaliza kupiga makofi. Glenda alinishika mkono njiani, akasema si kitu, kesho tutalipanda wenyewe, upepo utaingia madirishani. Karibu nilie.

Jumapili, Juni 15

Sikulala. Julai kuna maonyesho mengine, Sandusky. Tairi zikiguswa na lami, nimekwisha. Alfajiri nikapata jawabu la kuturidhisha wote wawili. Sikulishusha gari. Niliweka ngazi, nikafungua mlango, nikatandika taulo safi kitini. Glenda akae ndani ya gari, juu ya trela, mimi nilivute kwa pikapu polepole mpaka ziwani. Upepo angeupata uleule.

Alitoka amevaa gauni la maua, mkononi kikapu cha kuku na saladi. Akaitazama ngazi. Akanitazama. Akasema, "Verlin. Miaka arobaini." Akaliingiza gari lake gerejini, akafunga, akatia funguo mkobani.

Duane alikuwa akipita, madirisha wazi, anakwenda ziwani vilevile. Alisimama kumpongeza Glenda kwa miaka arobaini ya ndoa. Glenda akamuuliza kama kuna nafasi. Ule mlango mbovu wa gari la Duane alilazimika kuubamiza mara mbili. Hakugeuka nyuma.

Nilibaki barabarani na taulo. Nilitaka kuwakimbilia na kupiga kelele anisamehe.

Lakini walipokata kona niliona, kwenye bomba la moshi, doa la rangi ya kijani. La kiwandani kabisa! Langu halina. Nimeshachanganya rangi ya kijani inayokaribiana nayo. Glenda akirudi, nitamuuliza kama huko ndani aliona alama nyingine.