Mzigo Huachwa

Idara yetu ina furaha kuutangazia umma kwamba moto wa nyika umeshindwa. Haujazimwa, la, lakini umeundiwa mkakati, na mkakati wenyewe ni mchezo wa watoto.

Mimi ni msemaji wa idara, kwa hiyo najua. Mchezo unaitwa Moto Unakuja. Mmoja hupiga kelele, wengine hushikana mikono, mkubwa na mdogo, wakakimbilia uwanja uliofyekwa. Anayefika na mzigo yuko nje, na aliye nje hufyeka nyasi mpaka mchezo uanze upya. Mwalimu wa chekechea ndiye aliyeutunga. Sisi tuliutunga zaidi, kwa kuupiga muhuri.

Siku ya uzinduzi tulisimamisha hema nyuma ya ofisi, kwenye nyasi kavu zilizofika kiunoni.

"Bosi, tuzifyeke kwanza," mwalimu alisihi. "Nina watoto hapa. Cheche moja tu, tumekwisha!"

"Mama, hizi nyasi ni mandhari," Mkurugenzi alimjibu. "Tukifyeka, picha zitatokaje?"

Nilipiga makofi. Bendera hufuata upepo, na upepo siku hiyo ulikuwa mkali.

Mkurugenzi alikuwa katikati ya neno "ustahimilivu" moshi ulipozuka nyuma ya hema. Kibogoyo, binti wa chekechea asiye na meno ya mbele, akapaza sauti: "Moto unakuja!" Watoto wakashikana mikono, mbio.

"Safi sana! Mnaona wanavyoigiza?" Mkurugenzi alishangilia. "Haya, rudini mkae, sijamaliza."

Hawakurudi. Mimi pia niliondoka, kwa sababu za kiutawala. Niliogopa sana, lakini hilo halihusu umma.

Kutoka uwanjani Kibogoyo aliita, "Babu, acha mzigo! Kimbia!"

Mkurugenzi aliwasili mwisho, suruali inafuka moshi, amekumbatia kiti chake cha kuzunguka. Nyuma yake hema liliteketea, na ofisi pia. Mwalimu aliwahesabu watoto, akawahesabu tena. Wote walikuwepo. Akaketi chini, akalia.

Kibogoyo alimtazama Mkurugenzi, akakitazama kiti.

"Babu, uko nje."

"Mimi? Mtoto, mimi ndiye Mkurugenzi!"

"Si ulipiga muhuri mwenyewe?"

Mwalimu alifuta machozi, akamkabidhi fyekeo.

Wananchi wenye shida na Mkurugenzi wanaombwa wawe na subira. Yuko nje kikazi.