Kumpunguzia Talha Mwendo

Jumatano, 3 Agosti 1994

Binti yangu Nusaiba kanipa daftari. Kasema nesi wa zahanati kashauri mama mwenye moyo wa kwenda mbio aandike yanayomsumbua, asiwasumbue wengine. Kasema pia shajara haianzi kwa salamu. Mie kwenye kisomo cha watu wazima nilifundishwa barua tu, na kuanza bila salamu naona ni kukosa adabu. Basi naandika kama nakuandikia wewe, dada yangu Zuena, huko Kilwa.

Dada, shikamoo. Shikamoo yangu mfikishie na shemeji Twaha, na mguu wake unaendeleaje? Wasalimie watoto wote, mkubwa kwa mdogo. Hapa Goba sote wazima. Baba Talha mzima, anakohoa kidogo, ni sigara. Mama mkwe mzima, anakula kutushinda. Nusaiba mzima, ndiye huyu wa daftari. Kuku wazima isipokuwa mmoja. Talha mzima mpaka leo. Kuanzia Ijumaa sijui.

Maana Ijumaa anaingia kwenye mashindano ya magari. Yale ya Afrika nzima, siku tatu, barabara za vumbi tupu. Haendeshi yeye. Anaendesha Gozbert, mwenye gereji ya Temeke anakofanya kazi. Talha anakaa pembeni na kijitabu, anamsomea kona: kushoto kali, kulia ya taratibu, mbele korongo. Msoma ramani, wanamwita. Mtoto wa kiume ninaye mmoja. Sitaki asome.

Kesho naenda Temeke. Baba Talha asijue.

Alhamisi, 4 Agosti

Nimekwenda. Nimemvuta Gozbert pembeni, nikamweleza kwa siri kwamba Talha anatapika kwenye gari. Tangu mdogo. Nilitegemea atashtuka, atafute mwingine.

Hakushtuka. Kasema wasoma ramani wote wanatapika, wazuri ni wale wanaotapika huku wanaendelea kusoma. Akaniuliza Talha yukoje. Mie na mdomo wangu! Nikamsimulia ile safari ya harusi ya Bagamoyo, alivyomtapikia shangazi wa bibi harusi huku anahesabu nguzo za simu kwa sauti, hakuruka hata moja. Gozbert akafurahi mno. Kanishika mkono kwa mikono yote miwili, kaniita mama mzazi.

Nikiwa natoka nikaliona gari lenyewe. Dogo. Jepesi. Nimelisukuma kwa kiganja, likatikisika. Nikakumbuka malori ya mchanga yanayopita kwetu: yakishuka matupu yanakimbia kama yamefukuzwa, yakipanda na mzigo yanatambaa.

Nimepata wazo.

Ijumaa, 5 Agosti

Kinu changu cha mninga, kile kizito. Nimekijaza mchanga, nikakifunga kanga. Nimefika gerejini asubuhi, nikasema nimekuja kumwombea mwanangu dua. Mafundi walikuwa wanakunywa chai. Nimekishindilia nyuma ya gari, katikati ya matairi ya akiba, nikaomba dua kweli, nikaondoka. Mgongo unaniuma.

Jioni Talha karudi nyumbani kulala, mwekundu kwa vumbi mpaka kope. Nikajua wamekuwa wa mwisho. Nikampa pole.

Akasema ya nini, wamepanda mpaka nafasi ya sita. Gari lao zamani lilikuwa linaruka nyuma kama mbuzi, leo limekaa barabarani, kona zote limezishika. Wamefungua nyuma wakakuta mzigo wa mchanga. Gozbert kamsifu fundi wake Ansbert kwa akili hiyo. Na Ansbert hakukataa! Kainamisha kichwa tu, kama mtu mnyenyekevu.

Kinu wamekifunga kwa mkanda. Kisiguswe mpaka mashindano yaishe.

Mama Clara, jirani yangu Demetria, yule wa Bukoba mwenye nyumba pale konani, kaja kuuliza mbona leo hasikii mtwangio kwangu. Nikamwambia tumealikwa harusi. Akauliza harusi ya nani, mbona yeye hakualikwa. Nikajifanya nasikia mama mkwe ananiita.

Jumamosi, 6 Agosti

Nafasi ya nne. Sikula.

Talha anasema kinachotisha si mwendo, ni vumbi. Ukiwa nyuma ya mwenzio huoni kitu, dereva anakwenda kwa kusomewa tu. Mtu anakimbiza gari hajui mbele kuna nini, anategemea mdomo wa mwanangu! Nimekaa kitako jikoni.

Kesho ndiyo mwisho, na wanapita hapa kwetu. Mama Clara keshapanga mabenchi konani, anasema watu wa maana watakaa kwake.

Lakini vumbi, dada. Vumbi ni kazi ya mwanamke. Kuna asiyejua dawa yake?

Jumapili, 7 Agosti

Kumekucha nimewakusanya wanawake wa upande wetu, kila mmoja na ndoo yake na ufagio wa chelewa. Tumenyunyiza kona nzima ya Mama Clara kama mtu anavyonyunyiza uwanja wake kabla ya wageni. Nikaona bado, tukanyunyiza tena. Kisha tukafagia. Kokoto zote pembeni. Udongo ukabaki mwekundu, laini, unang'aa. Sijawahi kuona barabara nzuri vile.

Mama Clara kasimama na mikono kiunoni. "Mama Talha, na mkeka utawatandikia?"

Nikamjibu kama anao mpya alete.

Gari la kwanza likaja. Halikutimua vumbi hata chembe, nikafurahi. Halafu likageuka ubavu, likaenda kama kaa wa pwani mpaka ndani ya migomba ya Mama Clara. La pili likalifuata. La tatu likazunguka, likasimama linatazama lilikotoka. Hakuna aliyeumia, namshukuru Mungu. Mzungu mmoja akashuka, akainama, akaigusa barabara kwa kidole, akakinusa. Mie nimesimama na ufagio wangu, nimetazama juu.

Halafu nikasikia la Talha. Nikatoka mbele ya watu wote, nikaita jina lake, kama anaweza kusikia.

Likaja polepole. Polepole kama gari la msiba. Likapita katikati ya kona, likanyooka, likaondoka.

Wameshinda. Mashindano yote.

Wasimamizi walikuja kuuliza nani kamwaga maji. Wanawake wote wakajibu kwamba Goba watu wanafagia kila siku. Ni kweli. Ila hatufagii barabara.

Jumatatu, 8 Agosti

Mama Clara hanisalimu kwa ajili ya migomba. Lakini watu wanatoka mpaka Segerea kuja kuitazama, na kila anayekuja anamwekea kiti na kumsimulia upya. Kwenye masimulizi yake maji kamwaga yeye.

Gozbert kaja na kombe na kinu, kasema Talha kamwambia kinafanana na cha kwetu. Kamshukuru Baba Talha kwa kuzaa. Kasema sasa wamepata pointi, mwezi ujao wanakwenda Zambia, na bila Talha yeye hawashi gari. Chai ilinipalia. Baba Talha akanipiga mgongoni, akadhani ni furaha.

Jumanne, 9 Agosti

Leo nimempata Talha peke yake, anakula mihogo. Nikamuuliza juzi ile konani, wenzake wote walikuja mbio, yeye alijuaje.

"Nilikuona umeshika ufagio," akasema. "Nikamwambia Gozbert punguza, mama yangu keshamwaga maji. Uani kwetu nimeanguka utoto mzima."

Nikamwambia asiende Zambia. Akaniwekea kipande cha muhogo mkononi, kile chenye unga, akijua ndicho nikipendacho.

"Mama, usiogope. Mie nikikuona tu njiani, napunguza."

Akaenda kulala. Baba Talha kasema haya, umesikia mwenyewe, sasa tulia, mwache mtoto.

Nimesikia. Akiniona, anapunguza. Si mchanga, si maji. Ni kuniona.

Kwa hiyo nakwenda Zambia. Baba Talha asijue. Kurasa hizi nazichana nakutumia, dada, ili uelewe jambo lilivyo. Nimeuliza, nimeambiwa kona za kule ni nyingi, na mie siwezi kusimama kwenye kona zote. Mie nawe tumefanana sura tangu utoto, kwa mbali hatajua. Nijibu upesi, tugawane kona.