Bima ya Meli Inayorudi Ilikotoka

Osborn Ojiambo,
Kiwanda cha Pamba,
Masinya, Busia.
11 Septemba 1965

Kwa Bwana Meneja,
Kampuni ya Bima ya Tumaini Jema,
Tororo.

Bwana Meneja mheshimiwa,

YAH: KUHARIBIWA SAFARI KABLA HAIJAANZA

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na itakukuta umekaa, kwa maana ni ndefu. Mimi ni karani wa mizani katika kiwanda cha kuchambua pamba hapa Masinya. Nimepima pamba za watu kwa miaka kumi na tisa, na walionilalamikia katika muda huo wote ni wale tu walioficha mawe ndani ya magunia. Kwa hiyo elewa kwamba mimi si mtu wa kulalamika. Nimezoea kulalamikiwa.

Mambo yalianza hivi. Binti yetu Loy, ambaye ni muuguzi Kisumu, ametupa mimi na mama yake, Benedeta, tiketi mbili za daraja la pili katika meli ya abiria inayozunguka ziwa. Ni zawadi ya miaka thelathini ya ndoa. Meli inatoka Kisumu, inapita Musoma, Mwanza, Bukoba na Port Bell, halafu siku ya tano inarudi Kisumu. Majirani walikuja kutuaga, lakini kwanza walitaka kuelewa. Ojulong, ambaye shamba lake linapakana na letu, aliuliza kwa niaba ya wote.

“Nyinyi nakwenda kuzika nani?”

“Hatuziki mtu,” nikamjibu.

“Nakwenda kuuza nini?”

“Hatuuzi kitu.”

“Sasa nashuka wapi?”

“Pale pale tutakapopandia.”

Ojulong alivua kofia, akatupa pole.

Lakini Benedeta hakuhitaji kuelezwa. Amezaliwa Majanji, kando ya ziwa, na alipokuwa msichana alikuwa akianika samaki huku akiangalia meli ikipita mbali, nyeupe, na watu wamesimama juu yake bila kazi yoyote. Kwa miaka thelathini, kila nikimkosea, hanigombezi. Huangalia tu upande wa kusini. Tiketi zilipofika alizibusu, kisha akazifunga ndani ya Biblia. Nyumba yetu ilikuwa na furaha, Bwana Meneja, mpaka kampuni yako ilipoingia. Malalamiko yangu ni haya.

1. Kabla wakala wako hajaja, meli hii ilikuwa haizami.

Nashon, wakala wako, alitukuta Jumapili tukitoka kanisani. Sina neno na adabu zake. Alizima pikipiki mbali ili asiwashtue watoto, alimsalimu Benedeta kwanza kisha mimi, akanywa vikombe vitatu vya chai. Halafu akafungua mkoba, akauliza kwa upole, kama mtu anayeuliza hali ya mgonjwa: “Na meli ikizama, Mzee?”

Nakuapia, jambo hilo halikuwa limeingia katika nyumba yetu. Tulikuwa tumefikiria nguo, tumefikiria mikate, tumefikiria nani atakamua ng’ombe. Kuzama kuliletwa na Nashon katika mkoba wake wa ngozi, pamoja na fomu. Fomu amekuja kuifuata mara mbili. Lakini hilo la kuzama ameliacha hapa, nami nalala nalo.

2. Orodha ya viungo.

Ukurasa wa pili wa fomu una orodha ya viungo vya mwili na fidia ya kila kimoja. Mimi ni mtu wa kupima, kwa hiyo niliisoma mara nne. Macho yote mawili yamo. Jicho moja limo. Mkono, mguu, dole gumba, vyote vimo, kila kimoja na heshima yake. Kidole kidogo cha mkono hakimo. Nikamwuliza Nashon imekuwaje.

“Mzee, kile kidole hakina kazi.”

Kidole hicho, Bwana Meneja, ndicho ninachotulizia mizani isichezecheze. Kwa miaka kumi na tisa wakulima wa Masinya, wa Sikuda, na hata wengine kutoka Sop Sop, wamepata haki yao kwa sababu ya kidole hicho. Kama kampuni inaona hakina kazi, itume mtu aje msimu wa pamba apime bila kukitumia, tuone kama atarudi Tororo na meno yake.

Benedeta naye aliuliza ulimi unafidiwaje. Nashon akatafuta juu mpaka chini, akasema ulimi haumo. Benedeta akasema waliotunga orodha hiyo bila shaka hawajaoa. Sikupenda alivyoniangalia aliposema hivyo.

3. Kupendwa na ndugu yangu.

Fomu inataka jina la mtu atakayelipwa ikiwa sisi sote wawili tutakufa. Niliandika jina la Oguttu, mdogo wangu wa Sikuda, ambaye hatujasemezana vizuri tangu mbuzi wake walipomaliza mihogo yangu. Niliona ni njia nzuri ya kusamehe bila yeye kujua. Kumbe Nashon alimpelekea karatasi asaini!

Kesho yake asubuhi Oguttu alifika na jogoo. Akanikumbatia. Sijakumbatiwa na Oguttu tangu mazishi ya baba.

“Kaka,” akaniuliza, “wewe unajua kuogelea?”

“Sijui.”

“Vizuri,” akasema. Alipoona uso wangu akaongeza haraka kwamba watu wanaojua kuogelea wana majivuno.

Siku ya pili alikuja kutushauri tukae pembeni kabisa, kwenye vile vyuma vya ukingo wa meli, ili tuone maji vizuri. Siku ya tatu alisema atatusindikiza yeye mwenyewe mpaka Kisumu ahakikishe tumepanda. Nampenda ndugu yangu, lakini mapenzi hayo yalinikosesha hamu ya kula. Nikalifuta jina lake, nikaandika la Loy. Habari ilipomfikia, alikuja kudai jogoo wake. Tulikuwa tumeshamla. Sasa amekwenda kushtaki kwa chifu wa gombolola, mkubwa wa tarafa yetu, na chifu ameniita, anataka kujua kama jogoo yule alitolewa kwa ajili ya uhai wangu au kwa ajili ya kifo changu. Naomba kampuni iniandikie jibu la kumpa chifu, kwa kuwa suala lenyewe ni la bima.

4. Jaribio la Mto Sio.

Ili nisinunue bima kwa pupa, wala nisiikatae kwa ujinga, niliamua kujipima. Jumatano nilikwenda Mto Sio, ulio mpaka wa Uganda na Kenya, pamoja na Ojulong, tukaazima mtumbwi wa bwana mmoja anayevusha wachuuzi. Niliomba mtumbwi ubaki umefungwa kamba kwenye mti, kwa sababu shabaha yangu ilikuwa kujua ninavyojisikia juu ya maji, si kufika mahali. Nikaketi. Mtumbwi ukatikisika kidogo. Nikatapika.

Hapa kuna jambo la kisheria. Kamba ilikuwa imefungwa Uganda. Miguu yangu ilikuwa Uganda. Lakini kichwa, kwa kuwa nilikuwa nimeinama mbele, kilikuwa kinaelekea Kenya, na kile kilichotoka kilielekea Kenya pia. Mvushaji alisema kwa miaka yote hajaona mzigo ukivuka haraka namna ile bila kuonyeshwa kwa watu wa forodha. Nashon, ambaye alikuwa anapita njia hiyo na pikipiki yake, alisimama akaniambia kwamba kuchafukwa na tumbo hakumo katika bima, upande huu wala upande ule. Nataka nijibiwe: nikiugua ndani ya meli, ambayo itapita nchi tatu kwa siku tano, nidai Tororo, nidai Kisumu, au nidai kule kichwa kilikokuwa?

Nitakwambia ukweli mmoja, kwa kuwa hunijui. Naogopa maji. Sijamwambia mtu yeyote. Benedeta anajua, lakini sijamwambia.

5. Wewe mwenyewe.

Jana nilipanda basi mpaka Tororo ili nikueleze haya ana kwa ana. Karani wako Adeke, msichana mwenye heshima anayepiga taipu kama mvua juu ya mabati, aliniambia uko likizo. Nikauliza kama umekwenda likizo kwa meli.

Adeke aliacha kupiga taipu. “Mzee, Bwana Meneja meli hapandi,” akasema. “Yeye maji naangalia kwenye glasi tu.”

Bwana Meneja, nilikaa kwenye kiti chako cha wageni kwa muda mrefu. Mimi nikinunua mkate, nataka kumwona mwokaji akiula. Kama wewe, mwenye fomu zote, mwenye orodha ya viungo, mwenye muhuri, huwezi kupanda, mimi ninayepewa karatasi moja tu nitapandaje?

Baada ya kufikiri sana njiani nikirudi, nimegundua kosa la bima yenu liko wapi. Mnalipa tukizama. Lakini tukizama, mimi na Benedeta hatutakuwa na haja ya kitu chochote. Tukirudi salama ndipo tutakuwa na haja: tutakuwa tumechoka, tumeogopa siku tano bure, na Ojulong atakuwa amesimama mlangoni anauliza tumeleta nini. Kwa hiyo naomba kampuni itengeneze bima ya kinyume. Tukifa, msitoe kitu. Tukifika salama, mtufidie.

Pamoja na hiyo, naomba Nashon asafiri nasi, awe karibu nami wakati wote, niweze kumshika. Kama haiwezekani, uje wewe. Kama nawe huwezi, basi kampuni iwaandikie wenye meli wapite kandokando, mahali ambapo maji yanafika magotini. Mimi sina haraka. Niko tayari kufika Mwanza hata Krismasi.

Leo asubuhi nilimsomea Benedeta yote niliyoandika mpaka hapo juu. Alikuwa anakunja nguo. Alinisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo si kawaida yake, kisha akasema:

“Baba Loy, mimi nakwenda. Bima iko, nakwenda. Bima hakuna, nakwenda. Wewe iko, nakwenda. Wewe hakuna, nakwenda.”

Akaendelea kukunja. Nikaona kwamba nguo anazokunja ni zake tu. Nikarudi kwenye barua hii, kwa sababu kukuandikia wewe ni rahisi zaidi kuliko kusema naye.

Meli inaondoka Jumanne. Hivyo basi natangaza rasmi: mpaka nijibiwe lalamiko moja baada ya jingine, kwa maandishi na kwa muhuri, bima sinunui na meli sipandi.

Nisalimie Adeke na vidole vyake vyote kumi. Nisalimie familia yako, wafanyakazi wote wa ofisi, na yule mlinzi aliyenipa maji ya kunywa bila kuniuliza shida yangu. Nashon nitamsalimu mwenyewe. Yuko hapa nje, anakunywa chai.

Ndimi wako mwaminifu, katika nchi kavu,

O. Ojiambo

Nyongeza. Alhamisi, baada ya Mwanza.

Barua hii sikuipeleka posta. Nimeikuta leo mfukoni, tukiwa tunaelekea Bukoba, na nitaituma kutoka huko.

Jumanne nilimsindikiza Benedeta mpaka Kisumu, kumbebea kapu tu. Nilipanda naye ngazi ya meli nimwonyeshe kabini yake iko wapi, ingawa mimi mwenyewe sikujua iko wapi. Nashon alikuwa amefika bandarini na fomu yake. Honi ililia, yeye akaninyooshea kalamu, mimi nikasaini bila kusoma hata mstari mmoja. Akanirushia nakala yangu, akakimbia kushuka. Niliona si adabu kumsukuma mtu kwenye ngazi, nikasubiri apite kwanza. Nilipogeuka, ngazi ilikuwa imeshavutwa, na Kisumu ilikuwa inarudi nyuma yenyewe.

Benedeta alisogea kwenye benchi, akaniachia nafasi.

Jana upepo ulinipokonya ile hati ya bima, ikaingia ziwani. Mpaka sasa hicho ndicho kitu pekee kilichozama. Nimetapika mara mbili, kama watu wote wa daraja letu, na baharia mmoja amenisifu kwamba natapika kwa utaratibu. Malalamiko yangu yote matano nayafuta. Asubuhi hii tumemwuliza karani wa meli kama tukifika Kisumu lazima tushuke, au tunaweza kuendelea tu. Amesema hakuna aliyewahi kumwuliza, ataangalia katika vitabu.

Unisamehe kwa mwandiko wa sehemu hii. Tumekaa nje, kwenye jua. Benedeta amesinzia, na bega langu la kulia kwa sasa halisogei.