Jumamosi Niliyoiweka Dau

Jumatatu, Juni 9, 2003

Tangu Waswahili waanze kuhamia Texas, hakijawahi kuteremka kwenye ndege kichwa kama changu. Shule niliiacha kidato cha pili kwa kuwahurumia walimu. Hawakuwa na jipya la kuniambia.

Leo kichwa kimefanya kazi. Nafagia kwa daktari wa meno hapa Arlington. Asubuhi, mlango wa nyuma, kaingia nani? Nyota mwenyewe. Mrushaji mkuu wa timu yetu ya besiboli, shavu limeumuka kama andazi. Ndiye aliyetangazwa kuanza kesho. Huyo kesho harushi hata ganda la ndizi.

Basi ataanza Spea. Jina nimempa mimi. Ni mrushaji wa akiba, jitu la tumbo, kazi yake kuingia mwishomwisho wenzake wakichoka, arushe mipira michache akaoge. Na spea kila dereva anaijua: itakufikisha kwa fundi, haitakufikisha Houston. Aanze mechi? Atapigwa mpaka mama yake azime televisheni.

Nimekimbia nyumbani kuweka dau na Heritier kabla habari haijatoka. Heritier ni mwenzangu wa chumba, Mkongomani wa Bukavu, mpiga gitaa wa kwaya. Tuna Corolla moja ya shirika, kila mtu na siku zake. Yeye Mpentekoste, mimi Mwislamu, kamari ya pesa imekatazwa kote kuwili. Siku za gari hazikutajwa popote. Nimejiuliza na nimejijibu. Kwa hiyo tunachezea siku. Nimeweka Jumamosi yangu, yeye Jumapili yake. Kashika Arlington kwa kumtegemea Nyota, maskini. Mimi nimeshika wageni.

Jumamosi hiyo si ya mchezo lakini. Naenda Sugar Land, kule Houston, kwa kina Nahla, baba yake Mzee Abdulhafidh anione kabla shangazi hajapeleka posa. Nikipata na Jumapili, nampeleka Nahla ufukweni Galveston kwa gari ambalo nimemwambia ni langu. Na ni kweli, upande wa dereva.

Funguo na uamuzi anashika Jeptoo, jirani wa chini, anayehudumia wazee majumbani kwao. Kaniuliza mbona nacheka peke yangu. Nikamwambia ni afya.

Jumanne, Juni 10

Spea kaanza. Spea kapigwa. Mipira ilivuka ukuta kama kunguru wa Mombasa waliotupiwa jiwe. Wageni kumi na moja, sisi mbili. Nikacheza chakacha juu ya zulia mpaka Jeptoo akagonga dari yake kwa fagio.

Nikashuka kudai Jumapili yangu. Heritier alishafika, katulia kama anangoja chai. Akasema, "Ndugu, ule mwenye walitangaza hakurusha. Dau imekufa. Ile sheria ni weye uliileta."

Ni kweli niliileta. Mwezi wa nne nilipokuwa nafungwa, nilidai kwamba aliyetangazwa asipoanza, dau lifutwe, kila mtu abaki na siku yake. Nikasema ndivyo wafanyavyo Las Vegas. Sheria nzuri tu, ila imeangukia mikononi mwa watu wabaya.

Jeptoo akanigeukia: "Wewe Mselem, si bado uko na Saturday yako? Sasa unalilia nini?"

Nikamwambia hajui uchungu wa kushinda.

Jumatano, Juni 11

Nyota kang'olewa jino. Pamba nimezifagia mimi. Akatoka anacheka kwa nusu mdomo, akanisalimia hata. Nikamhurumia. Mimi nilipong'olewa langu Mombasa nililala siku nne, nalishwa uji. Na redio imetangaza: Nyota anauguza jino, kesho anaanza Spea tena. Allah akitaka kukupa hakubishii mlango, anaingia tu.

Jioni nikaitisha kikao kwa Jeptoo. Nikadai sheria ifutwe. Nikasema ni sheria ya waoga, mwanamume huweka dau kwa timu nzima, hajifichi nyuma ya mrushaji mmoja. Heritier akasita. Nikamwita mama wa kwaya. Akasita bado. Kisha akafunguka: kwaya yao imealikwa harusini Houston Jumamosi hii na hawana usafiri. Basi akakubali. Jumamosi yangu kwa Jumapili yake, kama juzi.

Jeptoo akauliza kama kweli sheria imeondoka. Nikasema imeondoka. Akauliza tena, hata kama mambo yatanigeukia? Nikasema, wallahi, hata paa likianguka.

Nilimuuliza Heritier anawezaje kumshika Spea, mtu aliyeliwa kumi na moja jana. Akajibu kwamba jana walimwamsha ghafla, kesho atakuwa amejitayarisha. Imani hiyo ndiyo inayowamaliza.

Nikampigia Nahla, nikamwambia afungashe na nguo za Jumapili. Akasema mama yake keshanunua samaki wa kupaka, na baba yake, anayeendesha teksi, kaomba kubadilishiwa zamu ili anikute. Akaniomba nisimwaibishe. Nikamwambia kila kitu kiko mkononi mwangu.

Alhamisi, Juni 12

Aliyepanda kurusha hana tumbo.

Nyota. Shavu bapa, anatafuna bigijii upande wa pili. Spea yuko benchi anabangua mbegu za alizeti, raha mustarehe. Nikapaza sauti kwamba aliyetangazwa hakuanza, dau limekufa. Heritier akanitazama. Jeptoo akanitazama. Kisha akanionyesha paa: bado liko.

Nyota karusha kama anamlipizia kisasi daktari. Arlington imeshinda. Jumamosi imekwenda. Jeptoo kamkabidhi Heritier funguo mbele yangu, taratibu, kama anavisha pete.

Ijumaa, Juni 13

Nimefikiria kumwambia Nahla injini imekufa. Nimefikiria kuumwa. Nimefikiria jino.

Heritier kanikuta nafikiri. Akaniambia, "Si na siye tunaenda Houston? Ingia, ndugu, nafasi iko."

Nikakubali kwa masharti. Tukifika kona ya kwa kina Nahla, kwaya nzima itashuka, mimi nitashika usukani, nifike mlangoni peke yangu kama mwenye mali. Heritier akasema tutaona. Josiane, sauti ya kwanza ya kwaya, akauliza watasimama juani na ngoma hadi lini. Nikamwambia uimbaji unataka uvumilivu.

Jumapili, Juni 15

Ya jana. Nimesafiri nyuma, katikati, Josiane kulia, Bibiche mwenzake wa kwaya kushoto, ngoma mapajani. Kanzu ilipigwa pasi Arlington, ikafika Sugar Land kama karatasi ya kufungia mandazi.

Kwenye kona Josiane akakataa kushuka. Viatu virefu, jua la Juni, na kwa nini. Tukafika wote. Heritier, mtu asiyejua kudanganya hata kwa adabu, akamwamkia mzee, na mzee alipomuuliza gari ni la nani akamwaga yote pale mlangoni: gari la wawili, leo ni lake, kalishinda kwa besiboli. Na Spea. Na jino.

Nikatazama njia ya kukimbilia.

Mzee Abdulhafidh akacheka mpaka akashika ukuta. Akasema, "Kijana, anarushia mkono yule, harushii meno." Akawaingiza wote. Bimdogo, mama yake Nahla, akawapa samaki, wakamwimbia, akafuta machozi kwa mtandio. Tunaaga, mzee akaniambia shangazi aje wakati wowote, hapa ni kwao. Wamenipenda. Nani asingenipenda?

Kwa hiyo hesabu yangu ilikuwa sawa tangu mwanzo. Lawama ni ya yule daktari kwa kung'oa vizuri kupita kiasi.

Kimeharibika kimoja tu. Nahla alinisindikiza hadi garini. Hakuwa amecheka na wenzake. Akaniuliza kama kweli siku niliyoiweka dau ni hii ya kuja kwao, baba yake kabadili zamu ananingoja. Nikamwambia aelewe, nafasi ya kushinda ilikuwa kubwa mno. Kisha akauliza kwa upole kama Spea akitangazwa tena, na siku ya kuja kwao ikawa ndiyo ileile, ningeiweka.

Jibu lilikuwa neno moja. Mtoto mdogo angelijua.

Nikamuuliza Arlington wanacheza na nani.